Sentimita Kumi na Nane

Sikukiona kitako cha zege. Nilikipanda, nikakishuka, nikaweka daftari langu juu yake nipate kuandika vizuri, na bado sikukiona.

Naanza na hilo kwa sababu wasomaji kadhaa wameniuliza ni lini hasa nilipoharibu. Si siku mto ulipofurika, wala si siku nilipotia sahihi. Niliharibu saa nne na dakika kumi asubuhi, ndani ya kiwanda cha masweta, nikiwa na futi mkononi na furaha moyoni.

Kwa aliyekosa yaliyotangulia: mimi ni mkadiriaji wa hasara. Mto ulipovunja kingo na kuingia mtaa wa viwanda, nilitumwa kupima hasara za biashara kumi na nne. Wenye biashara hao walikuwa wamechangia Mfuko wa Maafa kwa miaka tisa, na fedha iliyomo haiongezeki. Anayeandikiwa hasara kubwa huchukua sehemu kubwa, na wengine hugawana kinachobaki.

Dada yangu, aliyenilea na kunisomesha, ana duka la uchapaji katika mtaa huo huo. Niliomba asipimwe na mimi. Ofisi ikanijibu kwamba tuko wakadiriaji wawili tu, na mwenzangu amelazwa na mguu uliovunjika. Basi nikampima, tena kwa ukali, asije mtu akasema nimempendelea. Mama akaacha kupokea simu zangu.

Hapo ndipo tulipoishia.

Mwenye kiwanda cha masweta mtaani huitwa Bwana Risiti, kwa kuwa hanunui hata kiberiti bila kudai karatasi. Fundi wake mkuu ni mume wa dada yangu, na siku ile ya upimaji shemeji huyo ndiye aliyenishikia ncha ya futi.

Kazi yetu ina utaratibu wake. Maji yakipungua huacha mstari wa tope. Tunapima kutoka sakafuni hadi mstari wa ukutani, kisha tunapima mstari ulioachwa kwenye kila mtambo, na jedwali linatuambia asilimia ya hasara. Mota ikizama, mtambo unahesabiwa kuwa umekufa.

Ukutani nilipata sentimita tisini na nne. Kwenye mtambo wa kwanza, kutoka miguuni pake, tisini na nne. Wa pili, tisini na nne. Mitambo yote sita, iliyosimama katikati ya ukumbi, hatua kumi kutoka ukutani, ilitoa tarakimu ile ile.

"Zimelingana," nilisema.

"Zimelingana," akarudia Bwana Risiti, kama mtu anayeitikia dua.

Shemeji hakuitikia. "Pima tena, shemeji."

"Nipime nini? Sita zote ni tisini na nne."

"Pima tu. Labda futi imelegea."

"Futi ni mpya."

Aligonga kitako cha zege kwa ncha ya kiatu, mara mbili, taratibu. "Na hapa pameinuka. Angalia."

"Nimeshapaona," nilisema, nikapavuka nisijikwae.

"Fundi," akasema Bwana Risiti, "mwache msomi afanye kazi yake."

Lazima nikiri furaha niliyokuwa nayo. Kwa mtu wa taaluma yangu hakuna kinachotuliza moyo kama safu mbili za tarakimu zilizolingana. Nimetumia miaka minne chuoni kujifunza kuzitilia shaka tarakimu zinazogombana. Hakuna aliyenifundisha kuzitilia shaka zinazopatana.

Nikatia sahihi. Mitambo sita, hasara kamili.

Wiki tatu baadaye mgawo ulibandikwa kwenye lango la mtaa. Kiwanda cha masweta peke yake kilipewa zaidi ya nusu ya mfuko. Biashara kumi na tatu zilizobaki zikagawana mabaki, na fungu la dada yangu lilitosha kununua wino, lakini si karatasi za kuutumia wino huo.

Kulipokucha nilikwenda dukani kwake. Sijui nilitarajia nini.

Seremala wa mlango wa pili alikuwa anaanika mbao zilizopinda. Aliniona kabla sijamwona.

"Jamani, Bwana Futi huyo," aliwaambia wenzake. "Ingizeni watoto ndani. Kila anachokipima kinapungua."

Walicheka kwa kicheko cha watu ambao hawajalipwa.

Dada alikuwa ameketi sakafuni anabandua karatasi zilizogandana, moja moja, akiziweka upande wa kulia zile zinazoweza kuuzwa kwa wafunga bidhaa. Upande wa kulia kulikuwa na karatasi chache sana.

"Umefuata nini?"

"Nimekuja kukusalimu, dada."

"Salamu yenyewe ina urefu gani?"

"Dada, jedwali linasema..."

"Jedwali ndilo lililokulipia ada?"

Aliinuka, akafuta mikono kwenye kanga aliyojifunga kiunoni, akachukua nakala ya ripoti yangu iliyokuwa chini ya mkasi mkubwa.

"Soma mstari wa saba. Kwa sauti, si umesoma?"

Nikasoma. "Karatasi zimewekwa juu ya kichaga cha mbao chenye kimo cha sentimita kumi na mbili. Kimo hicho kimeondolewa katika kina cha maji."

"Kimeondolewa," akasema. "Kichaga nilichokiokota jalalani, nikakipigilia misumari mwenyewe ili karatasi zisikae kwenye unyevu. Umekiona, umekipima, umekitoa. Sawa. Ndiyo kazi yako. Na kule je?"

"Kule wapi?"

"Kwa Bwana Risiti. Mitambo yake haikai chini, inakaa juu ya zege. Najua, kwa sababu mume wangu ndiye aliyelimwaga, na suruali aliyorudi nayo siku ile ilisimama yenyewe pale mlangoni. Zege lile umelitoa?"

Nilifungua daftari. Mkono wangu ulijua kabla yangu, kwa maana ulikwenda polepole.

Nilikuwa nimeandika kimo cha zege. Kumi na nane. Kwa mwandiko mzuri, pembeni, kama mtu anayeandika hali ya hewa. Nilikuwa nimekiandika na nisikitumie.

Nikapiga hesabu nimesimama. Mtambo umesimama juu ya sentimita kumi na nane za zege. Kama maji yalifika tisini na nne ukutani, basi kwenye mtambo yasingepita sabini na sita kutoka miguuni. Mota za mitambo ile zimefungwa kwenye themanini. Hata kama mitambo ilikuwapo siku ile, mota zake zilibaki kavu.

Lakini tope halikuwa kwenye sabini na sita. Lilikuwa kwenye tisini na nne, yaani kiganja kizima juu ya pale maji yalipoishia. Maji hayawezi kuwa na vimo viwili katika chumba kimoja. Jicho tu lingetosha kuona hilo, lakini mimi nilikuwa natazama daftari.

"Unanung'unika nini?" dada aliuliza.

"Tope lile halikuletwa na maji," nikasema. "Lilipakwa."

Nilisema hivyo mlango ukiwa wazi. Hilo nalo nalikiri. Seremala alikuwa amesimama kizingitini na ubao begani, na kabla sijafunga daftari ubao ulikuwa chini na mwenyewe hayupo.

Dada hakuonyesha kushangaa. Alinielekeza mlango kwa kidevu.

"Basi nenda kaseme. Leo. Usiende kwanza kulala na kufikiri, nakujua."

Nilipitia kwa muuza vifaa vya ujenzi nikanunua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ule ambao mafundi huujaza maji wapate usawa wa kuta. Maji ndani ya mpira huo husimama kimo kimoja katika ncha zote mbili, hata ukizitenganisha kwa ukumbi mzima.

Bwana Risiti alinipokea mlangoni mwa ukumbi. Aliutazama mpira.

"Umekuja kumwagilia bustani?"

"Nimekuja kupima tena."

"Mkadiriaji anayepima mara mbili ni kama fundi cherehani anayeshona shati lililokwisha kuvaliwa." Alijisogeza kando hata hivyo. "Pima. Karibu. Kwangu hakufichwi kitu."

Nilihitaji mtu wa kushika ncha ya pili. Ukumbini kulikuwa na shemeji peke yake. Aliishika bila kuniangalia, akaiegemeza kwenye mtambo wa tatu. Yangu niliiweka kwenye mstari wa ukutani.

Maji yalicheza ndani ya mpira, yakatulia. Kwangu yalisimama sawasawa na tope. Kwa shemeji yalisimama chini, na tope likabaki juu yake, mbali, kama kofia iliyotundikwa juu ya kichwa cha mtu mfupi.

Tukaenda mtambo wa nne, wa tano, wa sita. Kumi na nane, kumi na nane, kumi na nane.

"Tope huruka," alisema Bwana Risiti.

"Likaruka mara sita kwa kimo kimoja?"

Aliingia ofisini kwake akarudi na jalada la bluu, akalifungua juu ya mtambo wa kwanza kama mtu anayetandika kitambaa cha meza.

"Kwangu, msomi, kila jambo lina karatasi. Hii hapa ripoti. Sahihi ya nani?"

"Yangu."

"Hii hapa tiketi ya basi. Siku ya mafuriko mimi nilikuwa safarini, sikuona maji wala tope. Na hiki hapa kiapo, mbele ya wakili, kwamba mitambo ilikuwa mahali pake na maji yaliifikia mota. Sahihi ya nani?"

Nilisoma jina. Sikulisoma kwa sauti.

"Sasa nenda ofisini kwako kaandike," akaendelea, kwa upole ule wa mtu anayejua mlango umefungwa na funguo ziko mfukoni mwake. "Andika kwamba shemeji yako ni mwongo aliyeapa. Wakikuuliza ilikuwaje msomi kama wewe usione, wajibu vyovyote. Sema siku ile tumbo lilikuuma. Mimi nitawaonyesha tu karatasi zangu."

Nilimtazama shemeji. Alikuwa anauzungusha mpira mkononi, kitanzi juu ya kitanzi, vizuri sana, kama kifaa chake mwenyewe.

Shemeji alinikuta nje, kwenye bomba la kunawia, nikiosha mikono isiyokuwa na uchafu.

"Umechelewa wiki tatu," alisema.

"Ni wewe uliyepaka."

"Ni mimi. Kwa brashi ya rangi. Ile mitambo mizima niliipandisha ghala la juu mimi na wenzangu wanne, mchana kabla ya maji kuingia, redio ilipotangaza. Migongo ilitukatika. Nikadhani nitaambiwa ahsante." Alifunga bomba nililoliacha wazi. "Maji yalipotoka Bwana Risiti akasema teremsheni ile mibovu ya siku nyingi, iwekeni mahali pake. Nikasema sifanyi. Akaniuliza duka la mkeo limekufa na kazi yako ikifa, mtakula jina lako zuri?"

"Na ukakosea," nilisema. Nilitaka kumwumiza, sijui kwa nini. "Ulipima kutoka miguuni ukasahau zege. Kosa la mwanagenzi."

Hapo ndipo aliponitazama kwa mara ya kwanza siku hiyo. Sijawahi kutazamwa hivyo na mtu wa familia yangu.

"Nimesahau zege?"

"Ndivyo ilivyo."

"Zege nililolimwaga kwa mikono hii. Miaka ishirini na miwili nasawazisha mitambo, mguu wa mtambo ukizidi unene wa ukucha nausikia, halafu nikosee kiganja kizima? Mara sita?"

Nilikung'uta maji mikononi.

"Nilikuandikia, shemeji," alisema, na sauti yake ilishuka. "Alikuwa amesimama pale, nisingeweza kufungua mdomo. Nikajiambia nitaweka mstari mahali ambapo yeye asiyejua hawezi kuona, na wewe unayejua huwezi kukosa. Nikakwambia pima tena. Nikagonga kwa kiatu. Nikakwambia pameinuka, angalia. Ukanijibu nini?"

Nilikumbuka nilichomjibu.

"Ungeona siku ile, ungekataa, na mambo yangeishia hapo. Angekukasirikia wewe, kesho yake angetafuta njia nyingine. Kiapo hakikuwapo bado. Kiapo kilikuja siku nne baada ya sahihi yako. Nilipokigomea akaniambia, mkadiriaji wa chuo kikuu amekubali, tena ni nduguyo, wewe unakataa kama nani? Nikatia sahihi."

Wafanyakazi wawili walikuja kunawa. Tuliwapisha mpaka walipoondoka.

"Dada anajua?" niliuliza.

"Anajua nini? Anajua nilikuwa sili vizuri." Alinirudishia mpira. "Kamwambie wewe. Wewe ndiye mwenye lugha."

Nilimkuta dada pale pale sakafuni. Mrundo wa kulia ulikuwa umeongezeka kidogo. Nilimweleza yote, toka brashi hadi kiapo, na kwa mara ya kwanza maishani nilisema jambo bila kulipanga kwanza. Hakunikatiza. Aliendelea kubandua karatasi mpaka nilipofika kwenye neno *nilikuandikia*. Hapo karatasi ikachanika.

"Rudia hapo."

Nikarudia.

"Aligonga kwa kiatu."

"Mara mbili."

"Na wewe ukasema umeshapaona."

"Ndiyo, dada."

Alikunja ile karatasi iliyochanika, akaikunja tena, mpaka ikawa ndogo kama stempu.

"Ulipotakiwa kuona hukuona," alisema. "Sasa kuona kwako ni kumpeleka shemeji yako jela, ndipo macho yamefunguka."

"Nisiposema, mtaa mzima unadhulumiwa. Na wewe ukiwamo."

"Nimekwambia usiseme?"

"Hapana, lakini..."

"Basi usinipe maneno ambayo sikuyasema, halafu ukayaandika mstari wa saba."

"Asubuhi wewe mwenyewe ulinituma."

"Asubuhi nilimtuma mdogo wangu akamkamate mwizi. Sikumtuma akamkamate mume wangu." Alisema bila kupandisha sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Na usilie hapa. Karatasi zangu zimeshalowa vya kutosha."

Mlango ulitiwa giza. Seremala alikuwa amerudi, na nyuma yake watu saba: muuza vipuri, mama wa kiwanda cha mishumaa, na wengine niliowapima mmoja mmoja. Wote walikuwa wameshasikia kwamba tope lilipakwa. Hakuna aliyekuwa amesikia ni mkono wa nani uliolipaka.

"Bwana Futi," alisema seremala, "tumeambiana kwamba Jumatatu tutakusindikiza ofisini. Sisi sote."

"Si lazima kunisindikiza."

"Tunajua si lazima." Aliegemea mwimo wa mlango. "Tunataka tu kusikia ukilitaja jina la aliyefanya hivi. Mimi nina wanangu wanne na msumeno mmoja. Nataka kulisikia kwa masikio yangu."

Dada aliinua kichwa. Alimtazama seremala, jirani yake wa miaka kumi na moja, kisha akanitazama mimi.

"Atalitaja," alisema. "Huyu hupima vizuri akishajua kuwa anatazamwa."

Wakaondoka. Seremala alimtakia dada yangu jioni njema na akamwita shujaa.

Fomu ya kutengua ripoti ina kurasa mbili. Niliijaza siku hiyo hiyo, mezani kwangu: kimo cha ukuta, kimo cha zege, kimo cha mota, kosa la mkadiriaji. Mahali pa kosa la mkadiriaji niliandika sana, mpaka nafasi ikaisha nikaendelea pembeni. Ulibaki mstari mmoja ulio tupu, karibu na mwisho wa ukurasa wa pili, unaodai jina la mtu aliyeweka alama isiyo ya kweli. Chini yake maandishi madogo yanasema kwamba fomu yenye mstari ulioachwa wazi haitapokewa, na ripoti ya awali itabaki kama ilivyo.

Ilikuwa Ijumaa. Dirisha la ofisi hufunguliwa Jumatatu saa tatu.

Kuanzia jioni hiyo dada yangu hakuniita tena mdogo wangu. Aliniita Bwana Mkadiriaji, na nilipokwenda kwake alinielekeza kwenye kiti cha wateja.